Hati za Kusamehe Madai: Anayejitolea Akiumia, Nani Atabeba Mzigo?

Kazi za kujitolea si jambo geni katika vyama vyetu vya msingi. Maghala mengi ya vijijini yalisimama kwa matofali yaliyofyatuliwa na wanachama wenyewe. Kabla ya msimu, njia za kuingilia vituo vya kununulia mazao hufukiwa mashimo kwa majembe ya wanachama. Siku ya kupakia mzigo, vijana hufika kusaidia bila ya kuulizia malipo. Katika nchi ya Wapare kazi ya namna hii huitwa msaragambo, na kila sehemu ya Tanzania ina jina lake kwa jambo hilo hilo. Ushirika usingalifika hapa ulipo bila ya jasho hilo.

Hata hivyo, karatasi mpya imeanza kuonekana katika baadhi ya vyama. Kabla ya kazi kuanza, kila anayejitolea hutakiwa kutia saini au dole gumba kwenye fomu isemayo kwamba, endapo ataumia, hatakidai chama kitu chochote. Fomu nyingine huenda mbali zaidi na kumtaka aahidi kwamba hasara yoyote itakayotokea kwa sababu ya kazi yake ataibeba yeye. Viongozi wanaozitumia wana nia njema ya kulinda mali ya chama. Lakini nia njema haitoshi mahali ambapo haki ya mtu na mali ya wengi vimo mizanini.

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya hati hizo, nguvu yake mbele ya sheria za Tanzania, na njia ambayo chama cha ushirika chafaa kuifuata badala yake. Neno letu kwa ufupi ni hili: hati ya kusamehe madai hukilinda chama kidogo kuliko viongozi wanavyodhani, na humwumiza mwanachama zaidi kuliko yeye anavyodhani.

Hati mbili zisizofanana

Mara nyingi hati mbili tofauti huandikwa katika karatasi moja, na mtiaji saini hudhani ni kitu kimoja. Yafaa tuzitenganishe.

Ya kwanza ni hati ya kusamehe madai. Kwa hati hii mtu husema: "Nikiumia, sitadai fidia." Anachokitoa ni haki yake mwenyewe. Akivunjika mguu, gharama ya hospitali na siku alizokosa kulima ni juu yake.

Ya pili ni ahadi ya kubeba hasara. Kwa hati hii mtu husema: "Chama kikidaiwa na mtu yeyote kwa sababu ya kazi hii, mimi nitakilipa chama." Hapa hatoi haki yake tu, bali afungua mfuko wake kwa madai ya watu wengine asiowajua, kwa kiasi kisichotajwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inautambua mkataba wa namna hii: mtu mmoja huahidi kumkinga mwenzake na hasara itokanayo na matendo ya mwahidi mwenyewe au ya mtu mwingine yeyote.

Tuchukue mfano. Wanachama wanapakia magunia katika lori, na gunia linamwangukia mpita njia. Aliyetia saini hati ya kwanza peke yake hana deni kwa chama. Aliyetia saini hati ya pili aweza kuambiwa amlipie chama fidia yote aliyopewa yule mpita njia, hata kama gunia lilipangwa vibaya na mtu mwingine.

Lakini ahadi ya kubeba hasara yaweza pia kwenda upande wa pili. Chama chaweza kumwahidi anayejitolea: "Ukidaiwa kwa sababu ya kazi uliyotufanyia kwa uaminifu, sisi tutalipa." Hiyo ndiyo kinga ya kweli kwa wanaojitolea, nasi tutairudia.

Je, huyu anajitolea kweli?

Kabla ya kuuliza hati ina nguvu gani, hapana budi kuuliza kama aliyetia saini ni mtu wa kujitolea au ni mfanyakazi. Jina aliloandikiwa katika fomu haliamui jambo hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi ni mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo hata moja tu ya mambo yaliyotajwa humo lipo. Miongoni mwa mambo hayo ni haya: namna anavyofanya kazi kuwa chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake za kazi kupangwa na mwingine, kuwa sehemu ya shirika lenyewe, kufanya kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea huyo mwingine kwa kipato, na kupewa naye vifaa vya kazi.

Basi na tumtazame kijana aitwaye "wa kujitolea" anayeshinda ghalani msimu mzima. Hupewa posho kila Jumamosi, huambiwa na karani saa ya kufika na saa ya kuondoka, na hutumia mizani na toroli la chama. Yaelekea sana kwamba mbele ya sheria huyo ni mfanyakazi. Chama kilipaswa kumwandikisha na kumchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na Sheria Namba 20 ya mwaka 2008 na kuanza kazi zake mwaka 2015. Kumwita mtu wa kujitolea ili kuepa mchango huo ni kuokoa senti leo na kulipa mamia kesho. Isitoshe, ni kumnyima mtu haki ambayo Bunge limempa.

Mwanachama aliyefika kwa siku moja ya kufyatua matofali, kwa hiari yake na bila ya malipo, yu katika hali nyingine. Huyo ndiye wa kujitolea. Mfuko wa wafanyakazi haukuwekwa kwa ajili yake, na kwa sababu hiyo yeye ndiye aliye wazi zaidi akiumia. Sehemu iliyobaki ya maelezo haya yamhusu yeye.

Mambo yanayoidhoofisha hati

Viongozi wengi hudhani kwamba saini ikishawekwa mambo yamekwisha. Sivyo. Yapo mambo manne yanayoweza kuiangusha hati hiyo mahakamani.

Kwanza, umri. Mtoto hawezi kufunga mkataba. Chimbuko la Sheria yetu ya Mikataba ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na tangu mwaka 1903 Baraza la Mfalme mjini London lilikwisha kuamua, katika shauri la Mohori Bibee lililotoka India, kwamba mkataba wa mtu asiyetimiza umri ni batili tangu mwanzo. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo hati iliyotiwa saini na wanafunzi waliokuja kubeba matofali ni karatasi tupu. Zaidi ya hayo, watoto hawapaswi kupewa kazi za hatari kamwe.

Pili, hiari. Mkataba hauna nguvu kamili pasipo ridhaa iliyo huru. Endapo mwanachama anaambiwa kwamba asiyetia saini hatapimiwa kahawa yake, au atacheleweshewa malipo ya msimu, ridhaa yake si huru. Sheria huwatazama kwa jicho kali wale wenye uwezo juu ya wengine wanaoutumia uwezo huo kujipatia mapatano yasiyo ya haki. Mwanachama hana mahali pengine karibu pa kupeleka mazao yake, na jambo hilo kila kiongozi alijua.

Tatu, badali. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba chasema kwamba mapatano yasiyo na badali, yaani yasiyo na kitu kinachotolewa na upande wa pili, ni batili, isipokuwa katika hali chache. Anayejitolea hutoa nguvu zake bure. Hati humtaka atoe na haki yake pia. Naye chama chamtolea nini? Yafaa kila Bodi ijiulize swali hilo. Na jambo la kuzingatiwa ni kwamba miongoni mwa hali chache zilizoachwa na kifungu hicho imo ahadi ya kumfidia mtu aliyekwisha kumfanyia mwahidi jambo kwa kujitolea. Ahadi hiyo ina nguvu hata kama haina badali. Tazama basi jinsi sheria yenyewe inavyoelekea upande wa kumlipa aliyejitolea.

Nne, maana ya maneno. Mahakama husoma kwa ukali maneno yanayomwondolea mtu dhima ya uzembe wake mwenyewe. Shauri moja mashuhuri lafaa kusimuliwa, maana lahusu ghala na marobota ya pamba, mambo tunayoyajua. Katika bandari ya Montreal, nchini Kanada, kampuni ya meli iitwayo Canada Steamship Lines ilipanga ghala la Serikali. Mkataba wa pango ulikuwa na vifungu vyote viwili tulivyovitaja: mpangaji hatadai kwa mali yake itakayoharibika ndani ya ghala, na mpangaji ataikinga Serikali na madai ya watu wengine. Mwaka 1944 watumishi wa Serikali walikuwa wakitengeneza mlango wa ghala kwa moto wa gesi. Cheche ziliruka zikashika marobota ya pamba, na ghala likateketea pamoja na mali iliyokuwamo. Mwaka 1952 Baraza la Mfalme liliamua kwamba vifungu vile havikuikinga Serikali na uzembe wa watumishi wake, kwa kuwa havikuutaja uzembe waziwazi, na maneno yake yaliweza kuwa na maana nyingine. Ikiwa hati iliyoandikwa na mawakili wa Serikali ilishindwa, sembuse fomu iliyonakiliwa na karani?

Hukumu za nje hazizifungi mahakama zetu, bali hutumika kama mwongozo. Hali kadhalika, Bunge la Uingereza kwa sheria yake ya mwaka 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki lilikataza katika shughuli za biashara hati yoyote kumwondolea mtu dhima ya kifo au jeraha la mwili lililotokana na uzembe. Sheria hiyo si sheria ya Tanzania, kwa kuwa sheria za Uingereza zilizopokewa nchini ni zile zilizokuwako tarehe 22 Julai 1920. Lakini yatuonyesha kwamba hata huko ambako fomu nyingi za namna hii hunakiliwa, kuna mipaka ambayo saini haiwezi kuivuka.

Kujua hatari si kuikubali

Wako wasemao: "Kila mtu ajua kwamba kupanda juu ya shehena ni hatari. Aliyepanda amekubali." Hoja hii ni ya zamani, na ilijibiwa zamani. Mwaka 1891, katika shauri la Smith na Baker, Baraza la Malordi la Uingereza lilimtazama mtu aliyekuwa akitoboa mwamba katika njia ya reli, huku winchi ikipitisha mawe juu ya kichwa chake bila ya onyo. Alijua kwamba mawe yanapita, na aliendelea kufanya kazi. Jiwe lilipomwangukia, waajiri wake walisema kwamba alikuwa amekubali hatari. Malordi walikataa. Walisema kwamba kuijua hatari ni jambo moja, na kukubali kuibeba ni jambo jingine.

Kwa hiyo chama hakiwezi kujificha nyuma ya maneno "alijua". Kitaulizwa: ngazi ilikuwa nzima? Magunia yalipangwa kwa kupishana au yalirundikwa tu? Nani alikuwa msimamizi? Sumu ya kuulia wadudu ilihifadhiwa wapi? Wajibu wa kuchukua hadhari ni wa yule aliye na mamlaka juu ya mahali na kazi, na wajibu huo haufutwi kwa kumwonyesha mtu hatari iliyoachwa makusudi.

Ukuta wa hisa unapobomolewa

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo kwa upande wa ushirika. Chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 ni mtu kisheria. Kina mali yake, hufunga mikataba kwa jina lake, hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Na pale ambapo dhima ya wanachama ina kikomo, mwanachama hujua kwamba chama kikianguka, kitakachopotea ni hisa zake. Shamba lake, ng'ombe wake na nyumba yake vi salama. Huo ndio ukuta unaomwezesha mkulima mdogo kuingia katika shughuli kubwa bila ya hofu.

Mwanachama anapotia saini ahadi ya kubeba hasara, ukuta huo unabomolewa kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwenye hisa za shilingi 20,000 aweza kuwa ameahidi kulipa mamilioni. Wala hakuahidi hivyo katika mkutano mkuu, ambako wenzake wangalimsikia na kumshauri. Aliahidi asubuhi moja mlangoni pa ghala, huku amebeba jembe begani. Sheria hukitaka chama chenyewe kiweke ukomo wa madeni katika mkutano mkuu kabla ya kukopa. Je, ni haki mwanachama mmoja mmoja ajifunge deni lisilo na ukomo kwa niaba ya wote?

Tena, tuangalie mzigo unavyogawanyika. Chama chenye wanachama 400 kikipata gharama ya shilingi 800,000 ya matibabu ya mwenzao, kila mmoja ameguswa kwa shilingi 2,000. Gharama hiyo hiyo ikiachiwa mtu mmoja, huenda akauza ng'ombe, akakodisha shamba, au akawatoa watoto shuleni. Watu waliunda ushirika kwa sababu hiyo hasa: jambo linalomwangusha mmoja hubebeka likigawanywa kwa wengi. Hati ya kusamehe madai hufanya kinyume chake. Huchukua mzigo kutoka mabega 400 na kuuweka juu ya bega moja, tena bega la yule aliyekuja kusaidia.

Wasiotia saini

Yapo pia maisha ya watu ambao hawakuwapo siku ya saini. Mtu akifa kwa sababu ya kosa la mwingine, sheria ihusuyo ajali za vifo, Sura ya 310, huwapa wategemezi wake njia ya kudai. Lakini kwa desturi ya sheria za namna hiyo, dai la wategemezi husimama juu ya haki ambayo marehemu mwenyewe angalikuwa nayo kama angalikuwa hai. Maana yake ni kwamba hati aliyoitia saini baba yaweza kutumiwa dhidi ya mjane na yatima. Huenda mahakama ikaitupa hati hiyo kwa sababu tulizozieleza, huenda isiitupe. Kwa vyovyote vile, chama cha kijiji kitakuwa kimesimama mahakamani kikibishana na familia ya mwanachama wake, na hakuna hukumu itakayorudisha imani iliyopotea.

Njia iliyo bora

Haitoshi kusema hati ni mbaya. Chama kina haki ya kulinda mali yake, na viongozi wana haki ya kulala usingizi. Twashauri mambo matano yafuatayo, nayo yapitishwe kwa azimio la mkutano mkuu ili yawe ya chama kizima.

1. Kuchagua kazi. Si kila kazi ni ya kujitolea. Kufyatua matofali, kufyeka, kusafisha na kuchimba msingi mfupi vyaweza kufanywa na wanachama chini ya msimamizi. Kufukiza ghala kwa vidonge vitoavyo gesi ya fosfini, kupandisha mabati juu ya paa refu, kuunganisha umeme, kushika mashine ya kumenyea na kuendesha gari ni kazi za watu waliofunzwa. Gesi ya fosfini huua watu kama inavyoua wadudu, wala hairidhiki na saini ya mtu.

2. Daftari la siku. Kabla ya kazi, msimamizi aandike tarehe, kazi, majina ya waliofika, umri wa vijana, na maelezo ya usalama yaliyotolewa. Daftari hili hukilinda chama zaidi ya fomu mia, maana huonyesha kwamba wajibu wa hadhari ulitimizwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na maofisa wanaoisimamia waweza kuwa msaada mkubwa kwa chama kinachotaka kujua la kufanya.

3. Bima. Zipo bima za ajali zinazokatwa kwa kikundi, kwa muda mfupi au kwa msimu. Bodi ipate bei kutoka kampuni zaidi ya moja zenye leseni, na isome masharti mpaka mwisho. Uangalifu wa pekee wahitajika kuhusu magari: kuwapo kwa bima ya lazima ya gari hakumaanishi kwamba kila aliyeketi juu ya mzigo amekingwa. Njia iliyo salama ni kutowapandisha watu juu ya shehena kabisa.

4. Mfuko wa wanaojitolea. Pale ambapo bima haipatikani au haitoshi, mkutano mkuu waweza kuazimia makato madogo. Wanachama 400 wakikatwa shilingi 1,000 kila msimu, mfuko huwa na shilingi 400,000 kwa msimu wa kwanza, na usipoguswa, shilingi 2,000,000 baada ya misimu mitano. Fedha hizo ziwe na hesabu yake, zikaguliwe pamoja na hesabu nyingine, na zisikopeshwe kwa shughuli nyingine.

5. Kinga ya chama kwa anayejitolea. Chama kiahidi kwa maandishi kwamba anayefanya kazi kwa uaminifu, kwa maelekezo ya msimamizi, hatadaiwa na chama, na akidaiwa na mtu wa nje, chama kitasimama naye na kulipa. Kinga hiyo isimfunike aliyetenda kwa makusudi mabaya, aliyelewa, au aliyeacha kazi aliyopewa akafanya shughuli zake mwenyewe.

Mfano wa hati

Chama bado chaweza kuwa na karatasi ya kutiwa saini, lakini iwe ya kuelezana, si ya kunyang'anyana haki. Twatoa mfano ambao Bodi yaweza kuurekebisha, na kumwonyesha mwanasheria kabla ya kuutumia:

"Mimi, mwanachama niliyetaja jina langu hapa chini, nimekuja kwa hiari yangu kufanya kazi ya ______ siku ya ______, bila ya malipo. Nimeelezwa kwa lugha niijuayo hatari za kazi hii, nazo ni ______. Nimeonyeshwa namna ya kujikinga, na nitafuata maelekezo ya msimamizi. Naweza kuacha kazi wakati wowote nikiona si salama, wala kuacha huko hakutapunguza haki yangu yoyote katika chama.

"Chama kinakubali kuweka mahali pa kazi katika hali ya usalama na kutoa msimamizi na vifaa. Nikiumia, chama kitanipeleka kutibiwa na kulipa gharama kutoka katika bima au mfuko wa wanaojitolea, kwa kiasi kilichowekwa na mkutano mkuu. Nikidaiwa na mtu kwa sababu ya kazi niliyoifanya kwa uaminifu, chama kitanikinga. Hati hii hainiondolei haki niliyopewa na sheria."

Hati isomwe kwa sauti mbele ya wote. Asiyejua kusoma asomewe peke yake mbele ya shahidi asiye kiongozi wa chama, na shahidi aandike jina lake. Nakala moja ibaki kwa mwanachama.

Ajali inapotokea

Kwanza mtu atibiwe. Maneno ya nani ana kosa yaje baadaye. Kisha msimamizi aandike siku hiyo hiyo yaliyotokea, mahali, saa, na majina ya walioshuhudia, wala asibadilishe chombo kilichosababisha ajali kabla hakijaonwa. Meneja aitaarifu Bodi na kampuni ya bima mara moja, kwa kuwa bima nyingi hukataa taarifa zilizochelewa. Kifo au jeraha kubwa liarifiwe polisi pia.

Mwanachama naye ajue kwamba dai halidumu milele. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, dai litokanalo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na dai la mkataba ndani ya miaka sita. Mtu asivutwe kwa ahadi za mdomo mpaka muda ukapita. Wala chama kisimletee mgonjwa karatasi ya kusamehe madai kitandani pake. Ridhaa ya mtu mwenye maumivu na deni la hospitali si ridhaa ya kujivunia.

Hitimisho

Tunazishauri Bodi zenye fomu za zamani zizikusanye na kuacha kuzitumia, ziziweke mbele ya mwanasheria, na zilete hoja katika mkutano mkuu ujao yenye vipengele vitatu: orodha ya kazi zinazoruhusiwa kwa kujitolea, bima au mfuko wa wanaojitolea, na azimio la kinga. Wanachama nao, wakiletewa karatasi, waulize maswali mawili kabla ya kushika kalamu: "Hapa natoa haki gani?" na "Nimeahidi kulipa nini, na mpaka kiasi gani?" Kiongozi mwema hataudhika kwa maswali hayo.

Anayejitolea amekwisha kukipa chama siku yake na nguvu zake. Chama kikimpa usalama na kinga, atarudi tena msimu ujao, na atakuja na wenzake.